Sifa za Uji Nisioupika

Wasomaji wangu, kama bado mnanisoma baada ya yale ya wiki iliyopita, basi mna moyo mkubwa kuliko wangu.

Kwa aliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Damascène Ndayambaje, fundi redio wa Gashonga na kiongozi wa kwaya. Nilikulia Bukavu. Mwaka 1996, mambo yalipochafuka kule, nilivuka daraja la Rusizi na magodoro mawili, gitaa moja na mke mmoja, Eugénie, ambaye hadi leo anasema gitaa lingebaki. Watu huniita Papa Isimbi, kwa jina la binti yetu.

Mwaka ninaousimulia ni 2003. Vita ya ng'ambo ilikuwa inanipa kazi, maana kila mwenye ndugu Bukavu alitaka redio inayosikika. Nilikuwa mzima wa afya, ila ugonjwa mmoja: nilitaka kuwa mzee wa kanisa.

Kwa ajili hiyo nilihubiri juu ya upendo. Upendo usiodai kitu, upendo unaojisahau. Nikatia na neno la Kiyunani, agape, nililolisikia katika redio ya mteja nilipokuwa naijaribu kama imepona. Kina mama watatu walilia. Najua walikuwa watatu kwa sababu niliwahesabu.

Nikashuka madhabahuni nimefumba macho kwa utukufu, nikakosa ngazi. Kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita: mimi sakafuni, kwaya ikiimba, na Pasteur Gad, mchungaji wetu, akiniinamia.

"Ndugu Damascène, lile Neno limenigusa," alisema. "Jumamosi tunaenda kwa Mukecuru Thacienne. Weye njo utatutangulia." Yaani mimi ndiye wa mbele.

Nikajutia Kiyunani changu pale pale.

Mukecuru ndivyo tunavyomwita bibi kizee kwa heshima. Thacienne aliishi peke yake chini ya barabara, katikati ya migomba, macho yake yamezimika kabisa. Watu hawakushuka ile njia. Mwanawe wa pekee, Niyigena, alikuwa gerezani tangu mwaka 1995 kwa yale aliyoyafanya mwaka 1994. Alikuwa mbele ya kundi lililopita nyumba kwa nyumba, na baadhi ya nyumba hizo hazijawa na moshi jikoni tangu siku ile.

Mama hakushika kitu mkononi. Lakini alimzaa yule, na hilo lilitosha watu wapitie njia ya juu.

Mimi sikuwepo mwaka ule. Nilikuwa Bukavu, napiga gitaa. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi kwangu kuhubiri.

Jumamosi tulishuka watu saba: Pasteur na mkewe, wazee wa kanisa wanne, na mimi nikichechemea mbele na nusu kipande cha sabuni. Nusu nyingine Eugénie aliizuia. Alisema ni ya kufulia mashati yangu ya kuhubiria.

Kabla hatujabisha, sauti ikatoka ndani.

"Leo umechelewa. Na umekuja na bantu." Bantu, kwa Kiswahili cha kwetu, ni watu.

Pasteur akakohoa. "Amani, Mukecuru. Mimi ni Pasteur Gad."

"Karibu. Lakini siko naongea na weye. Niko naongea na ule wa mguu. Ule mwenye kukanyaga moja na kukokota moja. Miaka mbili ananiletea uji kila asubui. Anaweka, anachukua sufuria ya jana, anaenda. Hajasema hata neno moja. Asogee leo, nimushike mukono."

Tukatazamana. Wazee wote wanne walikuwa wazima wa miguu, Mungu awatunze.

Pasteur akageuka taratibu, akautazama mguu wangu.

Nataka mjue kwamba nilifungua kinywa. Nilisema, "Pasteur, mimi..."

"Nyamaza!" alinikatiza, machozi yakimlenga. "Nyamaza, ndugu yangu. Umenyamaza miaka mbili, usiiharibu leo."

Basi nikanyamaza.

Sikusema ndiyo. Shikeni hilo, maana ndilo pekee nitakaloweza kujitetea nalo siku ya hukumu. Niliinamisha kichwa kwa aibu. Bahati mbaya aibu yangu ina sura inayofanana sana na unyenyekevu. Mke wa Pasteur alipoiona akaanzisha wimbo.

Thacienne akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa mikavu na myepesi. Akaupapasa mkono wangu kidole kwa kidole, akasema, "Nilifikiri ni mukono ya kazi. Kumbe ni laini."

Nikaurudisha mkono mfukoni haraka.

Nyumbani nilimweleza Eugénie kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye? Weye mwenye kuniita uniulize kama maji imechemka? Na uji wa miaka mbili, kila asubui? Papa Isimbi, weye saa moja ya asubui uko unakoroma mpaka majirani banafikiri ni moto inapita!" Moto, kwa wasio wa kwetu, ni pikipiki. "Na mbona hakuna mwenye kupiga hesabu? Mguu yako iko na wiki moja!"

"Walikuwa wanalia. Mtu anayelia hapigi hesabu."

Akaacha kucheka. "Utaenda kusema kweli."

"Nitasema Jumapili."

Jumapili Pasteur alinitangulia. Alisimulia habari za yule ndugu aliyepika gizani ili mkono wake wa kushoto usijue. Safari hii kina mama waliolia sikuweza kuwahesabu. Akatangaza kwamba baada ya wiki tatu nitawekewa mikono niwe mzee wa kanisa.

Nilichokuwa nakitaka tangu nivuke daraja ndicho hicho. Kilikuja kama mzigo wa mtu mwingine uliotua kichwani mwangu.

Kisha kukaja unga. Kina mama wa Gashonga wakasema ndugu asibebe huduma peke yake. Jumatatu mmoja akaleta unga wa mtama. Jumanne wawili. Kufikia Alhamisi tulikuwa tunaruka magunia kwenda kulala.

"Sasa unga iko," Eugénie alisema, mikono kiunoni. "Kuni iko. Sufuria iko. Kunabaki tu mupishi."

Alfajiri ya Ijumaa nikapika. Sitaeleza. Niseme tu kwamba chini iliungua na juu ilikuwa bado maji, jambo ambalo Eugénie aliniambia haliwezekani mpaka alipoliona.

Nikashuka na sufuria yangu. Mpango ulikuwa huu: nimuwahi mwenye uji, nimuombe msamaha kabla hajanitangaza. Kwa kweli nilikuwa na mpango wa pili chini ya huo. Nilitumaini atakuwa mtu mdogo, asiye na sauti, ambaye tutaelewana.

Jua lilikuwa linachomoza nilipomsikia akija nyuma yangu. Anakanyaga moja, anakokota moja.

Nikageuka. Alikuwa Gaudiose.

Gaudiose aliuza maharagwe sokoni na kukaa benchi la mwisho kanisani. Hata siku moja hakuniomba chochote, isipokuwa nimtengenezee redio yake ndogo. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu mwaka 1994. Mwaka ule ule walikufa mumewe na watoto wake wawili. Na kundi lililoingia nyumbani kwake, kila mtu wa Gashonga anajua nani alikuwa mbele.

Niyigena. Mtoto wa Thacienne.

Nikaikumbatia sufuria yangu kama ngao.

"Papa Isimbi," alisema, kama tumekutana sokoni. "Uji inataka kufika ingali moto. Na hii yako ni nini?"

Akachovya kidole, akaonja, akatema pembeni kwa adabu.

"Maman Gaudiose, nisamehe," nilisema. "Nimeiba. Sikusema ndiyo, lakini nilinyamaza. Jumapili nitasimama mbele ya watu wote nitaje jina lako."

"Usitaje."

"Ni haki yako!"

"Nimesema usitaje." Akaweka sufuria yake juu ya jiwe apumzishe mguu. "Mwanzo nilitumaga jirani amupelekee. Nikamwambia aseme inatoka kwangu, sababu sikutaka kujificha. Mukecuru aliposikia jina yangu, aliimwaga. Akalia siku tatu, hakukula hata viazi. Alisema, kitu ya Gaudiose haiwezi kupita mu koo yangu. Basi nikaanza kuleta miye mwenyewe, pasipo kusema. Hakunionaga tangu ile mwaka, mutembeo yangu haijui. Ukitaja jina, Damascène, utamuua na njaa."

Mnaona nilipofikia? Nilikuwa mwizi aliyekamatwa, halafu mwenye mali anamwambia baki nayo.

Nikauliza swali ambalo mhubiri yeyote angeuliza. "Unampenda?"

Alifikiri kweli kweli. Sikuwahi kumwona mtu akifikiria neno lile kabla ya kujibu.

"Sijui," alisema. "Nikiamka naona ni mama muzee, iko na njaa. Hasira nayo iko pale pale, haijaenda fasi yoyote. Nabeba bintu yote mbili, uji na hasira. Uji naacha pale. Hasira narudi nayo. Siku zingine inarudi nyepesi kidogo. Siku zingine apana."

Naona haya kuwaambia nilichokifanya. Nilijiambia: haya maneno yangefaa sana katika mahubiri.

Kumbe alikuwa na haja na mimi.

"Mwezi hii banataka kunipasua mguu kule mjini, ku hospitali," alisema. "Nitalala kule wiki nyingi. Nilikuwa nakosa usingizi nikijiuliza nani atapika. Sasa Mungu amekuleta."

Kwa namna alivyoitazama sufuria yangu, ilionekana angemwomba Mungu achague tena.

Kwa wiki mbili akanifundisha kabla hajaenda. Unga uloweke jioni. Maji yachemke kwanza. Koroga usiache, na usiimbe wakati unakoroga, maana ukifika kiitikio unasahau mkono. Siku ya sita akaonja, akameza. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti changu cha ufundi.

Lakini ndugu zangu, ile kazi inachosha! Kwenye mahubiri yangu upendo ulikuwa na mabawa. Kwenye njia ya Thacienne ulikuwa na matope. Mvua ya Aprili ilinishusha kwa makalio mara mbili, na mara zote mbili niliinua sufuria juu, nikaokoa uji, nikapoteza suruali.

Na saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu wa kukuona. Nilijikuta nakohoa kwa nguvu kila nikipita nyumbani kwa Pasteur. Siku ya tatu mkewe akaniletea dawa ya kifua.

Thacienne naye, kwa kuwa sasa nilikuwa na sauti, akaanza kuniongelesha. Miaka miwili ya kimya ilimtoka yote kwangu. Asubuhi moja, kikombe kikiwa magotini mwake, alisema:

"Damascène, naombea kila muntu. Naombea hata bale banapita njia ya juu. Kuko jina moja tu, nikifika pale kinywa inakataa. Gaudiose."

Nikachungulia ndani ya sufuria.

"Unamujua?"

"Namjua, Mukecuru."

"Basi nitume. Uende ku soko, umuangalie tu. Kama amekonda ao amenenepa. Kama anacheka na bengine. Usimuambie nani amekutuma. Utarudi uniambie, miye nitajua ginsi ya kumuombea."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya maharagwe ya Gaudiose nikimtazama kama mpumbavu.

"Nini?" aliuliza.

"Nimetumwa nikutazame kama umekonda."

Alielewa mara moja nani amenituma. Akainama, akaanza kuchagua mawe katika maharagwe yasiyo na mawe. Alichagua kwa muda mrefu sana. Mteja akaja, akasubiri, akaondoka.

"Mwambie nimenenepa," alisema mwishowe.

Alikuwa amekonda kama ufito. Nikarudi nikasema amenenepa. Huo ni uongo wangu wa pili, na wa pekee mwaka ule ambao sijawahi kuutubia.

"Mungu asifiwe," Thacienne alisema. Asubuhi hiyo alimaliza uji wote.

Nilimwambia Gaudiose: basi, mbona msikutane? Mmoja anauliza, mwingine anajibu, mimi nachoka na mlima. Akatikisa kichwa. "Bado. Yeye haiko tayari. Na miye siko tayari."

Ikafika Jumapili ya kuwekewa mikono.

Sikuwa nimelala. Eugénie alinipigia pasi shati bila neno, na mke wangu akinyamaza ni afadhali radi. Mlangoni akasema tu, "Utajua mwenyewe."

Pasteur aliniita mbele. Nikasimama. Nilikuwa nimeamua: sitataja jina lolote, lakini nitasema si mimi. Kwa hivyo nitakuwa nimesema kweli, na Gaudiose nitakuwa nimemficha.

"Wandugu," nilisema, "ule uji, si mimi."

Kina mama wakatoa leso.

"Kweli, si mimi! Mimi siwezi kitu kama kile. Mimi ni mtu mbovu, napenda sifa. Aliyefanya ni mwingine!"

"Ni Bwana!" akapaza sauti mama mmoja.

"Ni Bwana ndani yake!" akajibu mwingine.

"Hapana, nisikilizeni, nasema sikuupika mimi..."

"Haleluya!"

Ngoma zikaanza. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonipenda. Nilitazama benchi la mwisho nikitafuta msaada. Gaudiose alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anacheka.

Wakanipigisha magoti, wakaniwekea mikono. Nikawa mzee wa kanisa. Siku niliyoiota miaka saba niliimaliza nyuma ya choo cha kanisa, nikiwakwepa waliotaka kunipa mkono.

Siku iliyofuata Gaudiose alikwenda hospitali. Nikabaki na sufuria peke yangu, na sikukohoa tena kwa Pasteur. Nguvu za kukohoa zilikuwa zimekwisha.

Sasa sikilizeni lililotokea Jumanne ya wiki ya tatu.

Nilifika kwa Thacienne kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi. Akatoka mwanamume mrefu, mwembamba, nywele zimenyolewa, shati limekuwa kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa anafagia ua.

"Ni weye Damascène?" aliuliza.

Sikuhitaji kuambiwa jina lake. Redio zote nilizozitengeneza mwaka ule zilikuwa zimesema: baadhi ya waliokiri makosa yao wataachiwa, wapitie mafunzo kambini, kisha warudi makwao. Sikufikiri kwamba kwao ni kwetu.

Niyigena akaweka fagio chini. Kisha mtu yule akapiga magoti mbele yangu, kwenye vumbi alilokuwa hajamaliza kulifagia.

"Mama ameniambia yote. Miaka mbili. Hata bandugu bake ba damu habakumupatia maji. Weye mugeni ulimulisha. Sina la kukuambia."

"Inuka," nilisema. "Tafadhali inuka."

"Nimeungama kule gerezani," aliendelea, bado chini. "Nilitaja yote, na majina. Banatuambia turudi tuende kwa wenye tulibatendea. Kuko mama moja. Gaudiose. Nikiwaza kumukuta, narudi nyuma. Weye ni muntu wa Mungu. Nisindikize. Nikiwa na muntu mwenye moyo kama yako, pengine atanisikiliza."

Fikirieni nami, wasomaji. Anataka kujificha nyuma ya upendo wangu aende kwa mwenye upendo ule. Na mimi nimesimama pale na sufuria ya mafunzo ya Gaudiose mkononi.

Kama ningekuwa na akili ningesema nitaomba kwanza. Lakini kinywa changu hakina breki, na hofu hukitia mafuta.

"Hayuko," nilisema. "Yuko mjini, hospitali, wamempasua mguu."

Uso wake ulibadilika aliposikia mguu. Hakuniuliza mguu gani.

Niliacha uji mlangoni. Sikumwamkia hata Thacienne. Nilikimbia mpaka barabarani, nikachukua moto, nikamwambia dereva aendeshe kama ameiba. Gaudiose ilibidi alisikie kutoka kwangu kabla ya kulisikia kwa wapita njia.

Langoni walinizuia saa mbili nzima, mpaka muda wa kuona wagonjwa. Nilimkuta ameketi kitandani, mguu umefungwa bandeji nyeupe, fimbo mpya imeegemezwa pembeni. Aliponiona akatabasamu.

"Uji imeungua?"

"Niyigena amerudi."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni muda kidogo kama mgeni asiyejua kama ameagwa.

Nikamwambia yote: fagio, magoti, maneno. Nikamwambia anataka kuja. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, na nilikuwa mzee wa kanisa wa wiki tatu, nikaongeza: "Maman Gaudiose, wewe uliyeweza kumlisha mama yake, hili nalo Mungu atakusaidia. Upendo..."

"Nyamaza."

Hakupaza sauti. Lakini mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka ukutani.

"Uji nilimupikia mama," alisema. "Kila asubui niliambia Mungu: huyu naweza. Huyu tu. Usiniongezee. Ule mwanaume sikumuahidia kitu. Batoto bangu balikuwa banamuita tonton, baba mudogo, Damascène. Balimufungulia mulango sababu balimujua sauti."

Nilitaka kusema kitu. Neno la Kiyunani lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Namshukuru Mungu kwamba kwa mara moja maishani mwangu nililimeza.

"Enda," alisema. "Mwambie asikuje. Mwambie mama yake ataendelea kukula. Hiyo njo yote niko nayo."

Akalala, akavuta shuka mpaka kidevuni.

Nikatoka. Nikashika njia ya ukumbini. Nilikuwa naunganisha maneno ya kumwambia Niyigena: asije, asubiri, si leo, labda si kamwe. Nilifikiri nina muda wote wa njia ya kurudi Gashonga.

Nikafungua mlango wa uani.

Niyigena alikuwa pale. Amekuja kwa miguu au kwa moto, sijui, alikuwa ameloa jasho. Mkononi alishika sufuria niliyoiacha mlangoni, imeoshwa, imefunikwa na kitambaa cha mama yake. Ilikuwa inatoa mvuke.

"Mama amejua," alisema Niyigena. "Nilimuuliza kama Gaudiose anatembeaga vizuri tangu ile mwaka. Nikamwambia miye njo nilimukata mguu. Akahesabu na vidole vyake ku goti: moja kukanyaga, moja kukokota. Kisha akasema nipike, nimuletee ingali moto." Akachungulia nyuma yangu. "Iko chumba gani?"

Nilisimama mlangoni na mwili wangu wote, mimi ambaye sijawahi kuziba njia ya hata kuku.

"Amesema usiende," nikasema.

Na nyuma yangu, ukumbini, nikasikia fimbo ikigonga sakafu na mguu mmoja ukikokotwa, polepole, ikija upande wetu.